Siku mbili Unguja: ulale kaskazini au mashariki?

Kila anayepanga kuvuka kwenda Unguja mwisho wa wiki huniuliza swali lile lile: nichukue chumba Nungwi, kaskazini, au Paje, mashariki? Wengi hujijibu kwa kuangalia picha, na picha za pande zote mbili zinafanana: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, bahari ya feruzi. Picha haikuambii maji yalikuwa wapi saa tano asubuhi.

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu pwani ya mashariki tulifika Jumamosi saa nne na nusu, nao walikuwa wameshavaa nguo za kuogelea tangu ndani ya gari. Tukakuta bahari imeondoka. Ngalawa zilikuwa zimekaa mchangani, kamba za nanga zimelegea, na mstari mweupe wa mawimbi ulionekana mbali kule mwambani. Mhudumu alituambia maji yatarudi alasiri. Kweli yalirudi, ila yalipojaa vizuri yule mdogo alikuwa keshalala fofofo. Jumapili asubuhi ikawa vile vile, na mchana tukawa njiani kuwahi boti. Nililipia siku mbili za bahari, nikapata saa mbili za maji. Hakuna aliyetudanganya. Ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa sana na kukauka sana, na mimi sikuwa nimeangalia mwezi.

Kwa hiyo, kabla ya bei na kabla ya kulinganisha vyumba, anza na maji.

Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, ina mwamba ulio mbali na ufukwe. Kati ya mwamba na mchanga kuna uwanda mpana wa kina kifupi. Maji yakipwa, uwanda ule hubaki karibu wazi, unaweza kutembea kilomita nzima na maji yasivuke magoti. Kaskazini, Kendwa, jirani ya Nungwi, pamoja na upande wa Nungwi unaotazama magharibi, hakuna uwanda mpana namna hiyo. Mchanga unateremka upesi, hivyo hata maji yakipwa unapiga hatua chache tu maji yamekufika kifuani.

Sasa mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji hujaa sana na kukauka sana. Kwa Unguja, siku za bamvua maji huwa yamekauka kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi hadi kumi na moja jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa inapungua, na asubuhi ile ile ambayo wiki iliyopita ilikuwa kavu inakuwa na maji. Ukihesabu kwa mwezi wa Kiislamu, bamvua ni kuanzia tarehe 14 hadi 17 hivi, kisha tena 29 hadi 2. Maji mafu ni 8 hadi 10, na 22 hadi 24. Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inakutosha kupanga safari nzima.

Kwa usiku mbili, mimi napanga hivi.

Ya kwanza: Kendwa. Mwenye siku mbili hana nafasi ya kuyasubiri maji, na hapa hayasubiriwi. Unaogelea asubuhi, mchana na jioni, na jua linazama baharini mbele yako. Ukiwa na watoto wadogo, au watu ambao raha yao ni kuwa ndani ya maji, usihangaike kutafuta pengine. Kasoro yake ni kwamba mwezi ukiwa mpevu muziki wa usiku huwa mkubwa, kwa hiyo anayetaka usingizi aulize chumba kiko umbali gani kutoka ukumbini.

Ya pili: Nungwi. Maji ni yale yale, lakini kijiji ni kikubwa, kuna vyumba vya kila mfuko na pa kula pengi. Kuna papasi pia, wa kukuuzia safari ya boti kila baada ya hatua kumi. Neno moja la upole, "nimeshapata, ahsante," linatosha, usisimame. Angalia vizuri chumba kiko upande gani: ukivuka mnara wa taa kuelekea mashariki, unarudi kwenye pwani inayokauka. Na siku za bamvua maji yakijaa, sehemu nyingine mchanga hupotea kabisa, mawimbi yakapiga kuta za hoteli.

Kinachonirudisha Nungwi ni mafundi wa vyombo. Majahazi bado yanaundwa pale pale ufukweni. Niliwahi kukaa nusu saa nikimtazama fundi mmoja akikalafati: anachukua utepe wa pamba uliolowa mafuta, anauweka kwenye mwanya wa mbao mbili, anaushindilia kwa patasi butu na nyundo, pigo fupi fupi, akisogea shibiri moja moja. Hakuinua kichwa hata mara moja. Maji yakipwa unaweza pia kutembea ufukweni kutoka Nungwi hadi Kendwa, kama kilomita 3, ila rudi kabla hayajajaa.

Ya tatu: Paje na Jambiani. Nimeziweka tatu kwa sababu ya siku mbili tu. Ukinipa siku nne, ninazipandisha juu. Ufukwe ni mrefu na mpana, unatembea mpaka miguu ichoke. Jua unaliona likichomoza. Na maji yakikauka, uwanda ule unaomkera mgeni ndipo kazi ya kijiji inapoanza. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Utawaona wameinama kati ya safu za vijiti, kamba imepigwa kutoka kijiti hadi kijiti, wakifunga kishada kimoja kimoja cha mwani. Wasalimie, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usikanyage kamba. Vaa viatu vya mpira, maana karibu na mwamba kuna wale viumbe wa miiba mirefu myeusi, na mwiba wao ukivunjikia mguuni safari imekwisha.

Kuna watu ambao kwao Paje ni ya kwanza bila ubishi: wanaopenda kuteleza juu ya maji kwa tiara. Kusi linapovuma, Juni hadi Septemba, na kaskazi, Desemba hadi Februari, uwanda ule wenye maji machache ni mahali pazuri sana pa kujifunzia. Upepo huo huo utamchosha aliyekuja kulala na kitabu. Njiani pia unapita msitu wa Jozani, makazi ya kima punju ambao hawapatikani popote nje ya Zanzibar.

Matemwe nenda ukitaka kuzamia kwenye kisiwa cha Mnemba, la sivyo hapana. Anayetaka utulivu wa mashariki na machweo ya magharibi aangalie Michamvi Kae, upande wa pili wa rasi, unaotazama ghuba ya Chwaka. Ni pembezoni na pa kula ni pachache.

Usafiri hauamui chochote: kutoka mjini, pande zote mbili ni zaidi ya saa moja kwa gari. Daladala namba 116 inakwenda Nungwi, 309 Jambiani, na zote huchukua muda zaidi.

Ukipiga simu hotelini, uliza bei ya wenyeji, kwa sababu bei ya kwanza mara nyingi huwa ya wageni. Safari ikiangukia Ramadhani, uliza pia kama jiko lao linapika mchana, maana migahawa mingi ya vijijini hufungwa. Kisha taja tarehe zako na uulize maji yanajaa saa ngapi Jumamosi hiyo. Kwa mashariki, omba wakutumie picha ya ufukwe iliyopigwa saa tano asubuhi siku ya bamvua, uione bahari ikiwa mbali kabla hujalipa.