Dalali wa kusafirisha fanicha Dar kwenda Mwanza: yule aliyenitoa machozi na huyu wa Keko

Jamani mnaotaka kutoa kitanda au sofa Dar kwenda mikoani someni hii kwanza, mimi nimeshatumia madalali wawili kwa njia hiyohiyo ya Dar Mwanza, mmoja alinitoa machozi na mwingine mzigo ulifika kama ulivyotoka kwa fundi.

Wa kwanza ilikua 2021 nahamia Mwanza kikazi. Namba yake nilipewa tu na mtu, anaongea vizuri, bei yake chini kuliko wote, akasema nauli laki tatu na nusu, lipa yote leo nikushikie nafasi gari inaondoka usiku. Nikatuma. Lori sikuliona, dereva simjui, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikaja kubeba vitu nyumbani Tabata nikaambiwa vinaenda kufaulishwa kwenye lori huko mbele. Siku ya tano dereva wa lori ananipigia yuko Buhongwa, Mwanza hapo, anasema mama njoo na laki mbili na nusu ndo nishushe, mimi nilipewa laki moja tu ya mafuta. Nampigia dalali simu inaita haipokelewi, baadae haipatikani kabisa. Dereva wala sikumlaumu, gari sio lake na tajiri wake anataka hesabu kamili. Nikakopa kwa wenzangu kazini nikalipa mara ya pili. Halafu kabati la vyombo kioo kimepasuka na sofa lilipangiwa mifuko ya saruji juu, vumbi lote limezama kwenye kitambaa, na saruji ukiipangusa na maji ndo umeharibu moja kwa moja. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Sasa 2024 nikamnunulia mama kitanda cha 6 kwa 6 cha mninga na seti ya sofa pale Keko, Dar. Safari hii nikamuuliza fundi mwenyewe yeye wateja wake wa mikoani anawatumia nani, akanipeleka kwa mzee mmoja anayekaa jirani na karakana. Hapo ndo nilipopatia, maana dalali anayeletewa kazi na mafundi kila wiki akiharibu mzigo mmoja anawakosa wote.

Nilianza kuuliza bei, yeye akaanza kuniuliza maswali. Kitanda kinafunguka? Kuna kioo? Huko kwa mama, Nyakato Mwanza, lori linaingia mpaka mlangoni au linaishia barabarani? Nani anapokea? Yule wa kwanza hakuniuliza hata kimoja. Nikataka kumpa hela yote yaishe, akakataa, akasema mwanangu, nauli ya dereva mpe dereva, mimi nipe changu. Udalali wake elfu 50, nauli laki nne na nusu, nusu nikampa dereva wakati wa kupakia na nusu nyingine mama akatoa baada ya kushusha na kukagua. Kwangu mimi hiki ndo kipimo cha kwanza cha dalali, hela ya gari isipite mkononi kwake.

Gari nililiona kwa macho, namba nyeupe za biashara, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) dereva akanionyesha, nikapiga picha namba na leseni yake ya udereva na hakuna aliyenuna. Mzee ana kaunta buku, akaandika kila kipande: ubavu wa kitanda 2, kichwa 1, miguuni 1, chaga 14, sofa 3 na mito 8, tukasaini wote watatu. Nati za kitanda akazitia kwenye mfuko akaufunga kwenye kichwa cha kitanda kwa solotepu. Kati ya mbao za kitanda na bodi ya gari akashindilia vipande vya sponji, na akamwambia dereva mbele yangu kwamba juu ya sofa hakipandi kitu. Risiti ya EFD ya fundi, ile ya mashine ya kodi, ikaenda na gari maana njiani kwenye vizuizi wakiona mbao wanauliza makaratasi, ni zaidi ya kilomita 1,100 hizo, Morogoro Dodoma Singida Shinyanga, ukikwama katikati dalali hayupo.

Kasoro zipo. Aliniambia gari inatoka Jumanne ikatoka Alhamisi maana lilikua linasubiri mzigo ujae, mwenye haraka akodi gari zima. Bei yake iko juu kidogo. Na bima ya mzigo hana, nilipouliza akasema wazi kwamba bima ya kawaida ya gari hailipi fanicha zako, kama kitu ni cha bei kubwa nitafute mwenyewe bima ya mzigo wa safarini. Nilishukuru sana kuambiwa hivyo kabla ya kupakia.

Mzigo ulifika Jumapili asubuhi. Nilikua nimemtumia mama picha ya ule ukurasa wa kaunta buku, akahesabu chaga moja moja uani pale na makuli wanamsubiri, zikatimia 14, ndo akatoa hela. Mkwaruzo mmoja tu mguuni mwa sofa, dereva akausema mwenyewe kabla hajaulizwa.

Namba ya mzee siiweki hapa, ukifika Keko waulize mafundi wanaotuma kazi mikoani wanampa nani. Nenda asubuhi, mchana anakua kwenye kupakia simu haipokei.