Tuisheni ya hesabu za maneno Ngarenaro: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Arusha, najiandaa na QT, yaani Mtihani wa Maarifa, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hesabu ndiyo iliyonipeleka kwenye darasa la jioni la mwalimu mmoja mstaafu, Ngarenaro. Nimesoma hapo muda wa kutosha kusema bila kusita: kama kinachokusumbua ni hesabu za maneno, zile za Juma alinunua, akauza, akabakiwa na ngapi, nenda.

Tuisheni nyingi mjini mwalimu anajaza ubao, mnanakili, mnaondoka. Kwa huyu mzee hugusi namba kabla hujaandika swali linataka nini na x inasimama badala ya nini. Ukiandika "x ni vitenge" anakurudishia daftari: ni idadi yake au bei yake?

Kuna swali moja alilotupa ambalo sitalisahau. Mtu ameingia Soko la Kilombero, amenunua doti za kanga na vitenge, jumla 9. Doti ya kanga 10,000, kitenge 15,000, amelipa 110,000. Vitenge vingapi? Mwalimu alianza bila x kabisa. Tuseme vyote ni kanga: 90,000. Zimebaki 20,000 ambazo hazina maelezo. Kila kitenge kinazidi kanga kwa 5,000, basi gawanya 20,000 kwa 5,000, unapata vitenge 4. Halafu akaandika pembeni:

15,000x + 10,000(9 − x) = 110,000

Ukifungua mabano na kukusanya, inakuwa 5,000x + 90,000 = 110,000, kisha 5,000x = 20,000. Akatuuliza, hiyo 5,000 mnaifahamu? Ni ile ile tofauti ya bei! Na 90,000 ni zile kanga tulizozidhania. Milinganyo nilishaiona mingi, ila hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba kila mstari una mahali pake kwenye habari yenyewe. Mwisho lazima urudishe jibu sokoni: vitenge 4 ni 60,000, kanga 5 ni 50,000, jumla 110,000. Usiporudisha hakuwekei vema, hata kama umepata.

Hata MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), ambayo sote tuliikariri shule ya msingi, anaonyesha inapopotosha. Chukua 10 − 4 + 3. Ukifuata herufi zilivyopangwa ukajumlisha kwanza, unapata 3. Jibu ni 9, kwa kuwa kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, unakwenda navyo kutoka kushoto. Na swali lake la basi nimeshawauliza wateja wangu wengi: limetoka Arusha kwenda Moshi, kilomita kama 80, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, likarudi kwa 80. Wastani wa mwendo? Karibu kila mtu anasema 60. Lakini kwenda ni saa 2, kurudi saa 1, kilomita 160 kwa saa 3, yaani 53 na ushee.

Upungufu upo. Asilimia anazipitia mbio mno, wakati kwetu wenye biashara ndizo za kila siku. Bei ya 50,000 ukiipandisha kwa asilimia 20, kisha ukaishusha kwa asilimia 20, hairudi palepale, inakuwa 48,000, kwa sababu asilimia ya pili inakatwa kwenye 60,000. Hili nililipata kwa kumfuata baada ya kipindi. Alinieleza kwa subira, nashukuru, lakini lilistahili kuwa ubaoni kwa wote.

Ada inalipwa kwa wiki, na kwa mtu wa kipato cha kuungaunga hilo ni jambo kubwa. Jumamosi vijana wa kidato cha nne wanafurika, mtu mzima hupati hata nafasi ya kuuliza, kwa hiyo chagua siku za katikati ya wiki, kuanzia saa 11 jioni. Beba kaunta buku. Daftari dogo halitoshi kwa hatua anazozidai.