Vitabu vya intaneti na jamii: uanze kununua kipi?

Vitabu vya kitaaluma ni ghali, na anayelipa kutoka mfukoni mwake hawezi kuvichukua vyote. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mimi navipanga hivi.

1. Digital Democracy, Analogue Politics (2018), Nanjala Nyabola. Nunua hiki kabla ya vingine vyote. Kinaitazama Kenya kuanzia machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 hadi uchaguzi wa 2017, ambao matokeo yake ya urais yalifutwa na Mahakama ya Juu licha ya mitambo iliyonunuliwa ili kura ziaminike. Swali linalobaki kichwani ni zito: mashine itasaidia nini pale ambapo watu hawaaminiani? Katika vitabu vingi vya fani hii Mwafrika hutajwa kwenye tanbihi tu. Hapa ndiye kiini cha hoja, na kwangu hilo peke yake linatosha kukiweka juu. Chukua nakala ya karatasi, maana utaipigia mistari.

2. Algorithms of Oppression (2018), Safiya Umoja Noble. Mwandishi alitafuta “wasichana weusi” kwenye Google akaletewa ponografia. Kuanzia hapo anachambua kampuni inayoishi kwa matangazo inavyoamua tuone nini kwanza. Baadhi ya matokeo anayoyaonyesha yamekwisha kubadilika, lakini hoja yake haijachakaa. Kama unanunulia maktaba ya shule au chuo, kiweke namba moja.

3. Twitter and Tear Gas (2017), Zeynep Tufekci. Kuhusu maandamano ya uwanja wa Tahrir, Misri, na bustani ya Gezi, Uturuki: umati unaokusanyika upesi kwa simu, kisha unakwama kwa kuwa haujazoea kuamua pamoja. Kwa ubora kingeshindana na cha kwanza. Nimekishusha kwa sababu mwandishi ameruhusu PDF yake ipakuliwe bure. Soma hiyo kwanza. *How the World Changed Social Media* (2016) cha Daniel Miller na wenzake nacho ni bure, kutoka UCL Press, wachapishaji wa chuo kikuu cha UCL, London. Watafiti 9 waliishi na watu miezi 15, ingawa inasikitisha kwamba hakuna hata kituo kimoja cha utafiti kilichokuwa Afrika.

4. The Age of Surveillance Capitalism (2019), Shoshana Zuboff. Anaeleza jinsi mienendo yetu inavyogeuzwa malighafi ya biashara. Ni hoja kubwa, ila kurasa zinakaribia 700 na marudio ni mengi. Ukikipata cha mtumba, chukua. Kipya kinaweza kusubiri.