Kamera ya waya ya dola 12 kwa kuchungulia viota: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Kamera hii wanaitumia mafundi wa magari. Muuzaji wa katikati ya mji aliniuliza motere yangu ina shida gani. Nilipomwambia nataka kuangalia mayai ya shomoro alicheka, akasema, "Papa, bei ni ileile." Nikalipa dola zangu 12.

Unapata kebo ya mita 5, kichwa cha kamera chenye unene wa milimita 8, taa ndogo 6 zilizokizunguka, na kigurudumu cha kuongeza na kupunguza mwanga. Unachomeka kwenye telefone ya Android, unapakua programu yake, picha inatokea. Inakula moto wa telefone tu, na kwa namna umeme unavyokatika mtaani kwetu, hilo peke yake lilitosha kunishawishi.

Nina visanduku vya mbao vya ndege kwenye parseli ya nyumbani, ukutani na kwenye mwembe. Mlango wake ni tundu la milimita 32, kipimo kinachotumika Ulaya kwa shomoro, na hawa wetu wa kichwa cha kijivu wanapita bila taabu. Pilikapilika zao naziona zaidi Septemba na Oktoba, joto likishapanda na mvua bado. Zamani kukagua kulikuwa ngazi, bisibisi, kufungua kifuniko, na mama mtu anatoka mbio. Sasa nimefunga kebo kwenye mwanzi, ncha nimeizungushia waya mgumu na kuikunja iangalie chini, maana yenyewe ni laini mno. Nasubiri mzazi atoke, naingiza, naangalia, natoa.

Kinachoonekana ndicho kilichonifanya niandike. Nyasi kavu, manyoya ya kuku, nyuzi za mfuko wa unga, na katikati mayai meupe yenye madoa ya kahawia. Baadaye, makinda uchi kabisa, macho bado yamefumba. Kebo ikigusa tu ukingo wa mlango, midomo yote inaachama, njano pembeni, wekundu ndani. Wanadhani chakula kimefika. Toa kamera haraka, usiwachezee shere.

Kwenye boksi wameandika HD. Wacha waandike. Picha ni ya chembechembe, na inatulia ukiwa sentimita 3 hadi 8 kutoka kwenye kitu. Ukizidi hapo ni ukungu. Mwanga ukiuweka wote, madoa ya mayai yanapotea, hivyo nusu inatosha. Ndoano, sumaku na kile kioo kidogo vinavyokuja nayo usivifunge kabisa, vinachomoka ovyo na chini yake kuna watoto.

Kwenye mashimo ya asili haifai. Kuna zuwakulu, wale wenye uso mwekundu wanaoimba wawiliwawili, wamechimba kwenye tawi kavu la mvokado. Shimo linaingia kidogo halafu linakata kwenda chini. Kebo inakwama kwenye kona. Niliwaachia nyumba yao.

Ubaya wake mwingine ni kwamba inatamanisha. Watoto wa jirani wanafika wakati wowote: "Baba, tuchungulie tena!" Mimi nafuata utaratibu wa NestWatch, mradi wa maabara ya ndege ya Cornell kule Marekani: kila baada ya siku 3 au 4, si alfajiri wakati wa kutaga, si kwenye mvua. Makinda wakishaota manyoya na kukaribia kutoka, unaacha kabisa, kwa sababu wakishtuka wanaweza kuruka kabla mabawa hayajaweza. Watoto hawakupenda kusikia hilo, nikawapa darubini wasubiri mlangoni.

Nimeipa nyota 4. Ukikuta yenye kebo ngumu ya mita 1 chukua hiyo, kwani hizi mita 5 zinaning'inia shingoni mwangu bila kazi. Na wenye iPhone, ijaribuni palepale dukani kabla ya kutoa pesa.