Kikao cha familia au programu ya simu: kipi kitamsaidia mtoto asinenepe kupita kiasi?

Mzazi wa Dodoma anayeona sare ya mwanawe inambana tumboni ana njia mbili: kukaa familia nzima na muuguzi kliniki, au kupakua programu ya simu inayohesabu chakula na hatua.

Mimi naegemea kikao, na sababu kubwa ni bibi. Yeye na baba ndio wanaonunua soda, na simu ya mama haiwafikii. Muuguzi akimimina vijiko vya chai 8 vya sukari kwenye glasi, kiasi kinachokaribia kilichomo kwenye soda moja ya mililita 350, wote wanaona kwa macho yao. Tena anajua mlenda na ugali wa uwele, vyakula ambavyo programu iliyotengenezwa ughaibuni huenda isivitambue. Shida ni foleni, na kwamba mkirudi nyumbani mko peke yenu, jioni ile harufu ya chipsi mayai inapoanza kutapakaa mtaani.

Hapo ndipo simu inafaa: inakumbusha kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku. Kengele ya saa 10 jioni inatosha kumtoa mtoto nje akaruke kamba. Bando likiisha, andika saa hiyo ukutani.

Ila programu inayomwonyesha mtoto uzito wake kwa rangi nyekundu, ifute. Inamfundisha kula kwa kujificha. Simu ibaki mkononi mwa mzazi.