Kitalu cha Miche Karibu na Uyole

Mwishoni mwa Oktoba, baridi ya Juni na Julai ikiwa imekwisha na mvua zikisubiriwa, nilifika kwenye kitalu kimoja kando ya barabara karibu na Uyole, jijini Mbeya, nikanunua miche 3 ya parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa (yaani kikonyo chake kimeunganishwa juu ya shina la mti mwingine), mmoja wa pichi na mawaridi kidogo.

Sifa kubwa ya mahali hapo ni mama anayehudumia, ambaye hakukubali kuniuzia kitu kabla ya kuniuliza ua wa nyumba yangu unapata jua kwa saa ngapi na maji ninayatoa wapi. Alinionyesha kwa kidole kovu la kubebeshea, akanionya nisilifukie udongoni, na kwamba machipukizi yatokayo chini yake niyakate mapema, kwa kuwa hayo ni ya shina la kienyeji. “Ukiyaacha, mwanangu, utavuna majani,” alisema.

Bei hazijaandikwa popote, jambo linalochosha. Aidha, mche mmoja wa parachichi ulikuwa umekaa kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea mche) muda mrefu mno: nilipokichana nyumbani, mizizi ilikuwa imejiviringa kama kata ya kubebea ndoo. Nilipourudisha, nilibadilishiwa bila maneno.

Siku hizi jioni tunakunywa chai barazani badala ya kujifungia jikoni, na nikishamwagilia kwa keni, harufu ya udongo uliolowa hutufikia hapo tulipokaa. Mpichi umekwisha kutoa majani mapya manne. Watoto huyahesabu kila asubuhi.