Tuisheni ya watoto wa kota huku Mwenge, maoni yangu kwa mnaohamia Dar

Kina mama wa kota za jeshi mnaniuliza sana kuhusu kile kituo cha tuisheni kinachopokea watoto wa wanajeshi huku Mwenge, sasa naandika mara moja yaishe. Jina siliweki hadharani maana na malalamiko yangu yamo humu humu, anayelitaka aje inboksi.

Kwanza wengi mkisikia watoto wa wanajeshi akili inakimbilia Makongo na Jitegemee. Zile ni sekondari jamani, na watoto wa raia wamejaa tele. Mimi naongelea mtoto wa la tano la sita ambaye baba kapata uhamisho katikati ya mwaka, mmepakia vyombo kwenye Fuso kutoka Songea mpaka Lugalo, ada ya shule ya msingi hakuna sawa, namba yake ya mwanafunzi, ile ya PREM, imehamishwa kwenye mfumo vizuri tu, ila kichwani mtoto ana mapengo. Huku wenzake wameshamaliza asilimia, kule alikotoka hata hawajazigusa, halafu KDS na KKS za hisabati (kigawe kidogo na kigawo kikubwa cha shirika) anafundishwa mara ya pili mpaka anasinzia darasani, mwalimu anaona huyu mgeni ni mvivu.

Hapo ndo hawa watu walinikosha. Siku ya kwanza hawampi mtoto mtihani wa kumtisha, wanaomba madaftari yake ya shule ya zamani (kwahiyo msiyafungie maandazi, nawaomba), mwalimu anakaa na mtoto anafunua ukurasa kwa ukurasa, anaandika pembeni kipi kafundishwa kipi bado. Wangu alirudi na kikaratasi kina mistari miwili ya kalamu nyekundu: kugeuza desimali kuwa asilimia, na Kiingereza wakati uliopita. Basi, wakaanza na hivyo viwili tu. Tuisheni nyingi za mjini hapa ni kurundika watoto chumba kimoja na kuwakaririsha mitihani ya miaka ya nyuma, mtoto mgeni anapotelea humo humo na hela yako inaliwa.

Cha pili ni malezi, na hiki ndo kinanifanya nisimhamishe. Baba yao yuko misheni ya kulinda amani Kongo, na mwenye mume aliyewahi kwenda anajua hali ya ndani inavyokua, dogo wangu akisikia tu neno Kongo kwenye taarifa ya habari anaacha kula. Tangu ule mkasa wa Semuliki huko huko Kongo Desemba 2017, vijana wetu wasiopungua 14 waliuawa siku moja, nyumba za kota habari mbaya huwa inafika kwenye magrupu ya WhatsApp kabla haijathibitishwa na watoto wanasoma simu zetu hata tukificha. Pale kituoni tivii ya habari haiwashwi kabisa na kuna mwalimu wa malezi, mama mtu mzima hivi, hana maneno mengi. Ukutani kaweka ramani ya Afrika na saa tatu za betri, moja ya Dar, moja ya Beni ambako ni saa moja nyuma yetu, moja ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, masaa mawili nyuma. Watoto wenyewe ndo wanasema sahivi baba anakula, sahivi baba kalala. Saa za elfu tano tano za Kariakoo zile, lakini mwanangu alikua anakojoa kitandani na ameacha, mniambie mnavyotaka.

Nimesikia kule England tangu 2011 serikali inazipa shule hela ya ziada kwa kila mtoto wa mwanajeshi, kwa ajili ya mambo haya haya ya malezi. Sisi huku tunachangishana, ndo ilivyo.

Sasa malalamiko. Msimamizi wa pale ni mstaafu, na anasahau kwamba yuko uraiani. Watoto wanapangwa mstari jua la saa tisa, mguu sawa, mguu pande, jamani mtoto kashinda shule, kwao kota kila siku anaona kwata, na tuisheni napo akapige kwata? Tumemwambia kwenye kikao akacheka, kesho yake mistari kama kawaida. Choo ni kimoja, wavulana kwa wasichana, na maji ya ndoo. Nalitamka wazi, wasichana wa la saba wanajibana mpaka wafike nyumbani na hilo halikubaliki hata kidogo. Alafu kuanzia mwezi wa nane wale wa la saba wanapojiandaa na mtihani wa taifa, walimu wote wanahamia kwao, wa chini wanaachiwa kijana mmoja wa kujitolea, nayeye simu mkononi.

Bei ni elfu arobaini kwa mwezi na uji upo, na baba akiwa misheni unalipa kidogo kidogo bila kelele. Sekondari hawachukui. Wa English medium sishauri, masomo yote wanafundisha Kiswahili.

Nawapa nyota nne kati ya tano, hiyo moja imeliwa na choo. Mwenye uhamisho wa Januari apige simu mwezi wa kumi na moja mwanzoni, shule zikifungua tu nafasi za la nne na la sita zinakua zimeisha.